Mgeni wa Kujitolea Apewe Jembe



Mwaka wa 1875 wamisheni wa C.M.S. walianzisha Frere Town, huku Kisauni, iwe makao ya watumwa waliokombolewa. Miongoni mwa waliowasaidia walikuwamo Waafrika waliolelewa Nasik, Bara Hindi, nao pia wametolewa utumwani. Walikuja na elimu na ufundi, wakakaa papo hapo na wenzao. Kengele ya Kengeleni ilipolia, iliwalilia wote.

Tangu miaka ya 1960 tumepokea wageni wengine wa kujitolea, kama vijana wa Peace Corps kutoka Marekani, na baadhi yao walipelekwa kwenye skimu za makazi. Kijana huja kukaa miaka miwili. Nasi twafanyaje? Twamwekea kiti kivulini, twamchinjia kuku, kisha twamnong'oneza habari za fedha. Akiuliza habari za muhogo uliooza, twajibu, "Ni mzuri tu, Bwana." Basi atasaidia nini?

Kosa hili ni letu. Mgeni apewe chumba kijijini, si mjini. Masika apalilie pamoja nasi, ale ugali na mchicha, akikosea Kiswahili asahihishwe. Na shauri lake likiwa baya tumwambie usoni, asije akaandika kwao kwamba tulikubali.