Kocha huondoka akiwa juu
Mashabiki wa OC Muungano na Bukavu Dawa waliozoea kujazana uwanja wa Concorde, Kadutu, mjini Bukavu, wanalijua swali hili kwa uchungu: kwa nini kocha aondoke mambo yakiwa mazuri? Mtazame kocha Florent Ibenge. Aliifikisha AS Vita Club fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2014 na ya Kombe la Shirikisho 2018, akaipa timu ya taifa ya Kongo ubingwa wa CHAN kule Kigali 2016. Mwaka 2021 akafunga mizigo kwenda RS Berkane ya Morocco, na msimu wake wa kwanza tu akabeba Kombe la Shirikisho. Nasreddine Nabi naye aliiacha Yanga 2023 akiwa bingwa wa Tanzania, muda mfupi baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho. Watu husema ni tamaa. Pesa imo, ndiyo, lakini hofu imo zaidi: bei ya kocha hupanda siku ya kombe na kuporomoka kwa mechi mbili. Miguel Gamondi, aliyempokea Nabi na kutwaa ubingwa, alipoteza mechi mbili mfululizo za ligi, akafukuzwa Novemba 2024. Na klabu zetu nyingi hutegemea mfuko wa mtu mmoja. Akichoka, mishahara inakwama, wachezaji bora wanauzwa, kocha anabaki na jina. Viongozi wa soka wa Kivu Kusini, mpeni kocha mkataba wa maandishi na mshahara unaofika mwisho wa mwezi.