VITI MAALUM SI UPENDELEO, NI BANDA LA UANI

Kijana mwenzangu, wewe unayesoma gazeti hili kijiweni huku kahawa ikipoa, nakusikia. Unasema wanawake wa nchi hii wanapendelewa. Bungeni wana viti vyao, na Machi 19, 2021 mwanamke akaapishwa kuwa Rais. Sasa wanataka nini tena?

Fungua Katiba, ibara ya 66. Viti maalum vya wanawake visipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Tamu! Rudi nyuma kidogo, ibara ya 51: Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Kwa hiyo mama wa viti maalum hata awazidi akili mawaziri wote, mlango huo una kufuli. Njoo kwenye fedha. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, kamati yake inaongozwa na mbunge wa jimbo. Mwenzake wa viti maalum hana fungu. Anaitwa Mheshimiwa, anakaa ukumbi ule ule wa Dodoma, ila akiombwa saruji ya choo cha shule anabaki kuchekacheka tu.

Na kiti hicho anapewa na nani? Si wewe. Chama kinaandika orodha, Tume inagawa kwa hesabu ya kura. Mwenye kalamu ya orodha ndiye bwana wake. Akithubutu kumpinga kigogo, uchaguzi ujao jina halimo.

Mwaka 2020, katika majimbo 264, wanawake walioshinda hawakufika 30. Usiniambie hawawezi. Nenda kwenye kura za maoni uone takrima (Mahakama Kuu iliibatilisha 2006, vigogo hawakusikia), uone na rushwa ya ngono, iliyotajwa wazi katika sheria ya rushwa ya 2007. Mlango huo wa fedha ndio unaokufungia na wewe, mlalahoi usiye na mjomba wizarani. Halafu unamcheka aliyefungiwa mara mbili!

Dada yako je? Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimtaka mvulana afikishe miaka 18, msichana akatosha kwa 15, mradi wazazi wakubali. Mahakama Kuu ikakataa mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, naam, kutetea ndoa ya mtoto, ikabwagwa Oktoba 2019. Serikali hiyo hiyo mwaka 2017 ilitangaza kuwa mwanafunzi akipata mimba harudi shuleni. Marufuku iliondolewa Novemba 2021. Waliopoteza miaka minne hiyo ni wasichana.

Wala sisi wapinzani tusijidai tumetakata. Mkutano ujao wa tawi lako hesabu akina mama walioko meza kuu, kisha hesabu walioko jikoni. Msimamishe mwenyekiti mbele ya wote, umuulize ni jimbo gani la uhakika atasimamishwa mwanamke. Akianza kukupigia porojo za viti maalum, mwambie hivyo tumeshavisoma.