Waragi si "War Gin", Jamani!

Wadau, kuna kasumba moja inanikera kweli. Kaa na wasomi wetu mahali popote Ngara au Biharamulo, glasi mkononi, utaambiwa waragi ni "war gin": eti askari wa Kiingereza waliionja wakati wa vita wakaipa jina, Waganda wakashindwa kulitamka. Watu wanatikisa vichwa, mjadala umefungwa.

Hivi tumerogwa? Waarabu huita pombe kali ya mvuke araki, yaani jasho, kwa vile hutoka tone kwa tone. Waturuki wana raki, Waethiopia wana areki. Na wale askari wa Kisudani ambao Lugard aliwaingiza Uganda mwaka 1891, mababu wa Wanubi wa leo, walitoka nchi ambako araki ni neno la kila siku. Sasa Mwingereza anaingilia wapi hapo?

Mzungu akistahili, apewe chake. Konyagi kweli imetokana na Cognac, mji wa Ufaransa. Lakini angalia wenzetu walivyo wajanja: mwaka 1909 waliweka mipaka ya kisheria ya eneo lenye haki ya jina hilo. Pombe ya zabibu za kwao ikawa mali.

Njoo nyumbani. Wahangaza wa Ngara wana urwagwa, jina moja na la Warundi na Wanyarwanda. Kagera nzima inajua rubisi. Zote za ndizi, zote zilinyweka kabla Mjerumani hajakanyaga huku. Nani kati yetu amemuuliza bibi yake maneno hayo yanabeba nini? Kwenye ushuru na vibali zote ni "pombe za kienyeji", basi! Na ile kali ya kijijini tukaiita gongo, yaani rungu zito. Sheria ya mwaka 1966 ikaiita moshi. Yenye jina la Kifaransa inakaa kabatini, ya rungu inakimbizwa na mgambo.

Sitetei gongo. Mwaka 2010 waragi yenye methanoli iliua watu zaidi ya 80 Uganda. Nawatetea wapika rubisi na urwagwa, ambao kinywaji chao hakiwezi kupata bei ya maana wakati hata jina lake tunaona aibu kuliandika.

Wafaransa walilinda jina, pesa zikafuata. Wazee wetu wanaojua maana za majina haya wanazikwa kila wiki, na sisi tuko baa tunabishana kuhusu "war gin".