Mbio za Subira

Haraka haina baraka, walisema wazee. Na mbio za baiskeli zinathibitisha. Tarehe 1 Julai 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya tatu ya Tour de France, kutoka Piacenza hadi Turin, zaidi ya kilomita 230. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo, tena katika ardhi ya Italia, iliyoitawala nchi yake na kuipelekea baiskeli.

Asiyejua hudhani ni nguvu za miguu tu. La! Kwa saa tano mpandaji hujibana nyuma ya wenziwe wanaomkinga upepo, kisha hufyatuka mita chache za mwisho.

Sisi wa mwambao tumezoea kuisikia Garissa katika habari za ukame na hofu. Mimi naiona barabara yake, tambarare kama mkeka, nasema: uwanja umekwisha tandikwa. Kilichopungua ni baiskeli, mwalimu, na asubuhi moja kwa wiki, baada ya sala ya alfajiri na kabla ya jua kuwa kali, magari yawapishe vijana. Wakuu wa kaunti na matajiri wetu, hilo nalo ni zito?