Binti hana akili mbili

Ndugu Waislamu, wazazi wengi wa huku Kitahana, wilayani Kibondo, wameshika dai linalopita midomoni mwa watu kana kwamba ni elimu: kwamba mwanamke ameumbwa na akili ya kufanya mambo matatu kwa pamoja, na mwanamume jambo moja tu. Kwa dai hilo, jioni binti wa darasa la saba huwekewa daftari gotini, mdogo wake mgongoni na chungu cha maharage jikoni. Kaka yake huachiwa taa na meza. Binti akifeli, huambiwa hana kichwa!

Dai hilo limekwisha kupimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio la wanaume 48 na wanawake 48, waliopewa kazi mbili kwa wakati mmoja, na nyingine za kupokezana. Wote walizorota, wala haikuonekana tofauti baina ya wanaume na wanawake.

Mama anayelima huku amebeba mtoto halifikirii jembe. Mkono umekwisha kulizoea. Hesabu za sehemu hazina mazoea ya namna hiyo. Kila binti anapoinuka kuchochea moto fikra hukatika, na akirudi huanza tena mstari aliokwisha kuusoma. Aliyehifadhi Qur'ani chuoni analijua hili vizuri.

Wapo pia waliotia chumvi upande wa pili. Mwaka 2005 ilitangazwa huko Uingereza kwamba kukatizwa na ujumbe wa simu na barua pepe kazini hushusha akili kwa alama 10, kupita bangi. Jaribio hilo, lililogharimiwa na kampuni ya Hewlett-Packard, lilikuwa la watu 8 tu, na mtafiti mwenyewe, Glenn Wilson, alifafanua baadaye kwamba lilihusu utendaji wa muda ule ule, wala si kupotea kwa akili. Basi tusimtishe binti kwamba moshi wa jikoni umemla ubongo. Alichokosa ni wakati.

Sisemi kazi za nyumbani ziachwe, maana maharage hayajipiki. Lakini Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akiwasaidia ahli zake nyumbani, na kijana wa kiume akibeba kuni hajamvunjia baba yake heshima. Baina ya Magharibi na Isha binti aachiwe taa na daftari lake, mtoto apokewe na kaka. Kesho yake wabadilishane.