Sheria Iliyokufa Ikafufuka
Ukisimama Taveta, Kenya, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani na Holili, Tanzania, utaona malori yamepanga foleni, madereva wakituliza njaa kwa ndizi. Usiyemwona ni mwanasheria wa kampuni yenye malori hayo, naye ndiye anayekosa usingizi. Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha sheria yote. Agosti Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo, na 29 Oktoba ikaifufua. Katikati ya vuta nikuvute hiyo, bosi ana swali moja tu: “Wakili, tulipe au tusilipe?” Wakili wa nje huandika maoni marefu, akatuma ankara, akaenda zake. Wa ndani hana pa kwenda. Akisema “tusubiri”, anaitwa kizuizi cha biashara. Akisema “twende” kisha KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ikabisha hodi, saini ni yake. (Na hatua chache mbele, ng’ambo ya mpaka, TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, nayo ina sheria zake.) Upande wa Voi, penye mradi wa kaboni wa Kasigau, mwanasheria wa ndani ana mtihani mwingine: marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanaitengea jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi, baada ya kutoa gharama. Mimi ningemweka mwanasheria huyu mezani kabla mkataba haujaandikwa. Wengi humkumbuka bahasha ya KRA ikishafunguliwa.