Anayesomea tiba ya usemi aondoke Kilwa na kituo chake

Katika darasa la kwanza la shule nyingi za msingi za pwani yetu, kuanzia Somanga hadi Mchinga, hakosekani mtoto anayekaa nyuma kabisa na kunyamaza. Akiulizwa jina lake huinamisha kichwa, na wenzake humjibia. Mwalimu, mwenye wanafunzi wengi na kipindi kifupi, hupita akaenda kwa mwingine. Baada ya mwaka mmoja au miwili mtoto huyo huandikwa kuwa ni mtoro au mzito wa kuelewa. Mimi nilifundisha katika wilaya ya Kilwa kwa miaka mingi, na nakiri kwamba nami nilipita hivyo hivyo.

Namkumbuka mmoja wao. Mama yake aliniambia kwamba mtoto alikuwa akisema vizuri hata alipotimiza miaka minne, kisha akapatwa na homa kali na degedege. Alipopona, maneno yalikuwa yamepotea. Jamaa walishauri akatwe kimeo, akakatwa. Wengine wakasema ni udata, yaani ule utando ulio chini ya ulimi, nao ukakatwa. Maneno hayakurudi. Aliacha shule akiwa darasa la tatu, na sasa ni mtu mzima anayevuta nyavu na wenzake na kujieleza kwa mikono. Hapana aliyemdhulumu kwa makusudi. Sote tulimdhulumu kwa kutojua.

Jambo hili si la bahati mbaya ya familia moja. Utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, na kutangazwa mwaka 2005, uliwachunguza watoto wa umri wa miaka 6 hadi 9 waliowahi kuugua malaria kali, ikiwamo malaria ya ubongo. Karibu robo yao walikutwa wamebakiwa na upungufu, ama katika kufikiri, ama katika usemi na lugha, ama katika viungo. Kwa wenzao ambao hawakuugua namna hiyo, upungufu ulikuwa kwa mtoto mmoja tu katika kila kumi. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa ya nchi yetu inayosumbuliwa zaidi na malaria. Basi yafaa tujiulize ni watoto wangapi waliotoka salama katika wodi za Kinyonga na Sokoine, wakaandikwa kuwa wamepona, kumbe usemi wao haukupona.

Tukiongeza wenye kigugumizi, wenye kithembe, waliozaliwa na midomo ya sungura, wenye usikivu hafifu, na wazee walionyang'anywa maneno na kiharusi, tutaona kwamba haja ya wataalamu wa usemi na lugha ni haja ya wananchi wa kawaida kabisa.

Hapana budi kukiri hatua zilizokwisha kupigwa. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha, nacho kikawafungulia njia wengine katika Afrika Mashariki. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada ya kwanza inayounganisha elimu ya usikivu na tiba ya usemi na lugha. Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo ilianza mwaka 2017 kuwapandikizia vifaa vya usikivu watoto wasiosikia, kazi ambayo kabla ya hapo ilitulazimu kuwapeleka ng'ambo. Lakini kifaa hicho peke yake hakimfundishi mtoto kusema. Akirudi Nangurukuru mahali pasipo na mtu wa kumzoeza sauti na maneno, sehemu kubwa ya faida ya upasuaji hupotea.

Tiba ya usemi si kidonge cha kumeza mara moja. Ni kazi ya kukutana tena na tena, pengine kila wiki kwa miezi mingi, mama akiwa amekaa kando anajifunza ili aendeleze nyumbani. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 300. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 limetuondolea adha ya kivuko cha Rufiji, lakini mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika na kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Nauli ya kila wiki haipo katika uwezo wa mvuvi wala wa mkulima wa ufuta. Kwa hiyo mtaalamu ndiye anayetakiwa kumfuata mgonjwa.

Huyo mtaalamu atatoka wapi? Wapo vijana wetu, walimu na wauguzi, wanaotamani kusomea shahada ya uzamili katika fani hii. Kwao nina maneno machache.

Kwanza, aombaye nafasi na ajue anachokiomba. Uingereza kuna uzamili wa miaka miwili unaompa mtu haki ya kusajiliwa na kutibu, na kuna uzamili mwingine wa kitaaluma, mara nyingi wa mwaka mmoja, usiotoa haki hiyo. Majina yake hukaribiana sana. Mwalimu anayekwenda bila kuuliza aweza kurudi na cheti kizuri kisichomruhusu kumgusa mgonjwa. Marekani shahada ya uzamili ndiyo mlango wa kazi yenyewe: mwanafunzi hutakiwa kutimiza saa zisizopungua 400 za mafunzo kwa vitendo, 375 kati ya hizo akihudumia watu moja kwa moja. Aliyesoma ualimu au isimu huenda akatakiwa kusoma kwanza masomo ya msingi, kama vile maumbile ya koo na masikio, sayansi ya sauti na makuzi ya lugha ya mtoto. Afrika Kusini mlango wa kazi ni shahada ya kwanza ya miaka minne, na uzamili huja baadaye. Kwa wengi wetu, basi, kuanzia Muhimbili ndiko kwenye busara.

Pili, barua ya maombi isiwe ya kuombea huruma. Vyuo hivyo huuliza mwombaji amefanya nini na watu wenye matatizo ya mawasiliano. Mwalimu wa Kilwa ana la kujibu, iwapo ameweka kumbukumbu: mtoto gani hakuitika, alisema nini mwezi wa kwanza, alisema nini mwezi wa sita. Wasomaji wa makamo watakumbuka Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka waombaji wa Chuo Kikuu wafanye kazi kwanza na kupendekezwa na wale waliofanya nao kazi. Utaratibu huo uliachwa baadaye, na ulikuwa na kasoro zake. Hata hivyo wazo lake linafaa sana katika fani hii, kwani anayekwenda kusoma akiwa anamjua mgonjwa wake husoma kwa namna nyingine.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni suala la lugha. Baraza linalosajili taaluma za afya Uingereza humtaka mtaalamu wa usemi aliyesomea nje, na ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, apate alama 8 katika mtihani wa IELTS, ilhali kwa fani nyingine hutosha 7. Wana haki, maana kwa kazi hii lugha ni sindano na ni dawa. Ikiwa wao wanawalinda wagonjwa wao hivyo, sisi tuwalinde wetu kwa kipimo gani? Mtoto wa Kipatimu husikia Kimatumbi nyumbani, na wa Mchinga husikia Kimachinga, kisha wote hukutana na Kiswahili shuleni. Kipimo kilichotungwa kwa ajili ya mtoto wa Chicago hakiwezi kutuambia kama mtoto wetu amechelewa katika ngeli na viambishi, au kama anachanganya lugha mbili kwa afya njema kabisa. Kazi hiyo inawezekana. Watafiti wa Kilifi walitengeneza orodha za maneno ya watoto wachanga kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, wakawahoji kwa mdomo wazazi wasiojua kusoma. Mwanafunzi wetu wa uzamili na aombe mapema kufanya utafiti wa tasnifu yake Kilwa au Lindi, ili kuhitimu kwake kutuachie kipimo tunachoweza kukitumia.

Sasa nageukia ofisi zetu. Mtumishi hukubaliwa chuoni, huomba ruhusa, hutia saini mkataba wa kurudi kuitumikia halmashauri, huenda, husoma, hurudi. Akisharudi hukabidhiwa chaki na darasa lile lile aliloliacha, kwa kuwa hapana aliyepanga afanye nini. Baada ya mwaka huhamia mjini au ng'ambo, nasi humlaumu kwa kukosa uzalendo. Mkataba unaomfunga mtumishi bila kuifunga ofisi ni nusu ya mkataba. Halmashauri inayompa mtu ruhusa ya kusomea tiba ya usemi na iandike, kabla hajapanda basi, cheo atakachopewa, hospitali au shule atakayokaa, na chumba atakachofanyia kazi.

Wapo watakaosema kwamba hii ni anasa, kwamba tuna upungufu wa walimu, wauguzi na madawati. Upungufu huo ni wa kweli. Lakini mtoto asiyesema yumo tayari katika darasa letu. Tunamlipia mwalimu, kitabu na dawati, naye haambulii kitu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kumpa haki ya kusoma na kutibiwa. Tena si lazima tuanze na wataalamu kumi. Mmoja akae Kinyonga na mmoja Sokoine, kila mmoja akitembelea shule na kuwafundisha walimu kumtambua mtoto mapema, na kumwelekeza asiyesikia kwenye Lugha ya Alama badala ya kumlazimisha sauti asiyoweza kuitoa.

Samaki mkunje angali mbichi. Mwaka wa masomo ujao, majina yatakapoandikwa katika mpango wa mafunzo wa kila halmashauri ya mkoa wetu, nawaomba ndugu maafisa utumishi na maafisa elimu waandike jina moja la tiba ya usemi, na mbele ya jina hilo waandike kituo. Mtoto wa nyuma ya darasa hawezi kuwaomba haya mwenyewe.